Kuchoma CD kwenye Linux: historia ya kitufe kimoja

Leo naweka msimbo kando niandike historia kidogo. Sababu yenyewe ni kwamba tangu mwaka huu uanze nimeulizwa swali moja na watu wanne tofauti: "Nina CD zangu za zamani na tarakilishi yangu mpya haina pa kuzitia. Nifanyeje?" Jibu lake ni fupi, nitalitoa huko mwishoni. Lakini kila nikilitoa najikuta nikieleza jinsi CD hizo zilivyochomwa, maana usipojua ziliandikwaje hutajua kwa nini hii inasomeka na ile imekataa.

Wengi wetu tuliotumia Linux miaka ya 2000 tulizichoma kwa kubofya kitufe kimoja ndani ya K3b au Brasero. Nyuma ya kitufe kile kulikuwa na kazi ya watu wengi, ugomvi mkubwa mmoja au miwili, na kisanduku kidogo cha kutia alama ambacho wengi walikiruka. Ninachotaka kusema leo kinahusu kisanduku hicho: kuandika hakujaisha mpaka kilichoandikwa kisomwe tena.

Kuchoma ni kuchoma kweli

CD ya muziki ya dukani, ile iliyoletwa sokoni na Sony na Philips mwaka 1982, hupigwa chapa kiwandani. Ina vishimo vidogo mno vilivyopangwa kwenye mstari mmoja mrefu unaojizungusha kutoka katikati kwenda ukingoni. CD-R, ile tuliyonunua ikiwa tupu, haina vishimo. Ina tabaka la rangi, na leza ya raita huipasha rangi hiyo joto mahali mahali mpaka ibadilike, isirudishe mwanga kama sehemu zilizo jirani. Leza ya kusomea ikipita hapo huona mwanga na giza, ikayachukulia kama vishimo. Kwa hivyo waliosema "kuchoma" hawakutumia tafsida. Kuna kitu kinachoungua mle ndani, na kikishaungua hakirudi.

Hesabu zake si ngumu. Draivu ya mwendo wa 1x husoma sekta 75 kwa sekunde, na kila sekta ya data ina baiti 2,048. Hiyo ni KB 150 kwa sekunde. Diski ya dakika 80 ina sekta 360,000, yaani baiti 737,280,000, ndiyo ile MB 700 iliyoandikwa kwenye kifuniko. Ukichoma kwa 1x unakaa dakika 80 nzima. Kwa 16x ni kama dakika tano, ukiongeza na muda wa kuifunga diski.

Shida ya raita za kwanza ilikuwa moja: leza ikishaanza haikuweza kungoja. Raita ilikuwa na bafa ndogo ya kuhifadhi data inayosubiri kuandikwa. Tarakilishi ikichelewa kuijaza, labda kwa sababu umefungua programu nyingine nzito, bafa inakauka, leza inakosa cha kuandika na diski inaharibika. Ndiyo maana watu walichoma CD huku wamekunja mikono, hawagusi hata kipanya. Zilizoharibika ziligeuzwa visahani vya vikombe vya chai au zikatundikwa shambani kutishia ndege. Mwaka 2000 kampuni ya Sanyo ilitoa teknolojia ya BURN-Proof iliyoiwezesha raita kusimama, kukumbuka ilipofikia, kisha kuendelea kutoka hapo hapo. Kampuni nyingine zilikuwa na zao zinazofanana nayo. Tangu hapo mtu aliweza kuchoma huku akiandika barua.

Amri mbili za skrini nyeusi

Jambo la pili la kuelewa ni kwamba CD-R haiandikwi kama flashi diski, ambapo unatupa faili moja leo na kufuta nyingine kesho. Njia ya kawaida ilikuwa kuandaa kwanza picha nzima ya diski, pamoja na orodha ya faili na folda zake, kisha kuimwaga picha hiyo kwa mfululizo. Mpangilio wa picha hiyo uliwekwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1988 kwa jina ISO 9660, na ndiyo sababu mpaka leo faili za namna hiyo huishia na .iso.

ISO 9660 katika ngazi yake ya chini iliruhusu majina ya herufi nane, nukta, na herufi tatu za mwisho. Jina kama "Picha za harusi ya Shangazi.jpg" lingekatwa vibaya. Watu wa Unix wakaongeza Rock Ridge ili kubeba majina marefu na ruhusa za faili. Microsoft nao wakaongeza Joliet kwa ajili ya Windows 95. Ukitaka CD yako isomeke kote kote ilibidi uweke zote mbili.

Kwenye Linux kazi hizi mbili zilifanywa na programu mbili. Ya kutengeneza picha ilikuwa mkisofs, iliyoanzishwa na Eric Youngdale mwaka 1993. Ya kuichoma ilikuwa cdrecord, ambayo Jörg Schilling wa Berlin aliitoa mara ya kwanza mwaka 1996. Kazi ilikwenda hivi:

mkisofs -R -J -o harusi.iso harusi/
cdrecord -v speed=8 dev=0,0,0 harusi.iso

Hiyo -R ni Rock Ridge na -J ni Joliet. Zile sufuri tatu ndizo zilizowatoa watu jasho. Ni anwani ya raita kwa lugha ya SCSI, na uliipata kwa kuendesha cdrecord -scanbus. Lakini tarakilishi nyingi za bei nafuu zilikuwa na raita za IDE, si SCSI. Kwa hivyo katika enzi ya kerneli 2.4 ilibidi uidanganye kerneli kuwa raita yako ni ya SCSI, kwa kuandika hdc=ide-scsi kwenye mipangilio ya kuwashia mashine, kisha uiwashe upya. Fikiria kumweleza hayo mwalimu wa shule ya msingi anayetaka tu kuhifadhi mitihani yake.

Majina yote ya motoni

Hapo ndipo zilipokuja programu za madirisha. X-CD-Roast ya Thomas Niederreiter ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, nayo ilianza mwaka 1996. Sebastian Trüg alianza K3b mwaka 1998, na toleo lake la 1.0 likatoka Machi 2007. Upande wa GNOME kulikuwa na GnomeBaker, na kulikuwa na folda ya ajabu iliyoitwa burn:/// ndani ya Nautilus: unaburura faili zako humo, unabofya kitufe cha kuandika, basi. Baadaye ikaja Brasero, ambayo iliingia kwenye Ubuntu 8.04 ya Aprili 2008, na mwaka 2009 ikawa programu rasmi ya kuchomea ndani ya GNOME.

Angalieni majina haya. Roast ni kuchoma kama nyama. GnomeBaker ni mwoka mikate. K3b ni kifupi cha maneno ya Kiingereza ya kuihimiza KDE ichome, ichome tena. Brasero iliitwa kwanza Bonfire, moto mkubwa wa kuotea nje, kisha ikabadilishwa jina kuwa neno la Kihispania lenye maana ya chombo cha kuwekea makaa. Sisi hilo tunaliita jiko. Hata Nero ya Windows, ambayo mwaka 2005 ilitoa toleo la Linux la kuuzwa, ilichukua jina la mfalme wa Roma anayehusishwa na kuungua kwa mji wake. Mkenya aliyezoea kuagiza nusu kilo ya choma hakuhitaji kamusi.

Lakini jambo la kukumbuka ni hili: nyingi ya programu hizi hazikuchoma zenyewe. K3b ilichukua faili ulizoziburura, ikaandika ile amri ndefu kwa niaba yako, ikaiita mkisofs, ikaiita cdrecord, halafu ikakaa ikisoma maneno ambayo cdrecord inatoa na kuyageuza kuwa mstari wa asilimia unaosogea. Ukitaka nyimbo kutoka CD ya muziki iliita cdparanoia. Ukitaka kunakili CD nzima iliweza kuita cdrdao. DVD zilipokuja, zenye baiti bilioni 4.7, iliita growisofs ya Andy Polyakov. Kwa lugha ya hotelini, K3b alikuwa mhudumu anayekuletea menyu na kukuuliza unataka nini, na wapishi walikuwa nyuma ya pazia.

Na mhudumu yule alikuwa mzuri. Chini ya dirisha kulikuwa na mstari ulioonyesha diski imejaa kiasi gani, na ukizidisha unaona kabla hujaharibu kitu. Rock Ridge na Joliet ziliwekwa bila kuulizwa. Ukitaka kuchoma leo kidogo na kesho kidogo, ilikuuliza kama uache sesheni wazi. Hapo kulikuwa na gharama iliyojificha, kwa sababu kufunga sesheni ya kwanza hula takriban MB 22 na kila inayofuata hula takriban MB 13. Mtu aliyeleta diski ile ile saiba kila jioni aongeze barua moja ya ukurasa mmoja aliimaliza diski kabla ya miezi miwili kwisha, na ndani yake hamna hata MB 5 za barua zake.

CD ilikuwa ndiyo mtandao wetu

Msomaji kijana anaweza kushangaa kwa nini tulihangaika hivyo. Nimkumbushe kwamba hadi katikati ya mwaka 2009 Kenya haikuwa na waya wa intaneti wa chini ya bahari. Tulitegemea setilaiti. TEAMS ulifika Mombasa Juni 2009 na SEACOM ukaanza kazi Julai mwaka huo huo. Kabla ya hapo, nyumbani mtu alikuwa na modemu ya simu ya kilobiti 56 kwa sekunde, kama laini ilikuwa nzuri. Fanyeni hesabu: MB 700 kwa mwendo kamili wa modemu ile ni zaidi ya saa 29, bila laini kukatika hata mara moja, na simu inalipiwa kwa dakika. Kwa maneno mengine haikuwezekana.

Kwa hivyo programu huria zilisafiri kwa CD. Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza Oktoba 2004, ilikuwa na huduma ya ShipIt iliyokutumia CD kwa posta bila malipo, na huduma hiyo iliendelea mpaka Aprili 2011. Afrika Kusini walikuwa na Freedom Toaster, mashine iliyosimamishwa mahali pa umma kama ile ya kuuza soda: unakuja na CD yako tupu, unachagua programu huria unayotaka, inakuchomea. Mradi huo ulitoka kwa wakfu wa Shuttleworth, na sababu yake ilikuwa ile ile yetu, intaneti ghali na ya polepole. Hapa jirani, mradi wa Kilinux wa Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili, mwishoni mwa mwaka 2004. Nakala ya kwanza niliyoishika mimi Nairobi ilikuja mkononi, kwenye CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Na CD moja ikifika, kazi ilikuwa imeanza. Mtu mmoja mwenye raita na K3b aliweza kuzalisha nakala kumi kabla ya chakula cha jioni. Kundi letu la watumiaji wa Linux lilifanya hivyo siku za Jumamosi: kila mtu aje na diski zake tupu, aondoke na Debian au Knoppix. Knoppix, kazi ya Klaus Knopper wa Ujerumani, ndiyo iliyopendwa zaidi kwa sababu iliwaka kutoka kwenye CD bila kugusa Windows iliyomo ndani ya mashine. Unaweza kumwonyesha mtu Linux kwenye tarakilishi ya ofisi yake, ukachomoa CD, na bosi wake asijue.

Kwa mfumo wa namna hiyo, nakala mbovu ilikuwa hasara ya watu wengi. Mtu alisafiri na CD mpaka Kitale au Voi, akaiweka kwenye mashine, ikafika asilimia 70 ikakwama. Hawezi kupakua nyingine. Anasema Linux ni mbovu, anarudi kwenye Windows ya kuibwa. Kwa sababu hiyo kile kisanduku cha kuhakiki, nitakachokifikia sasa hivi, kilikuwa na uzito kwetu kuliko kwa mtu wa Berlin mwenye intaneti nyumbani.

Ugomvi nyuma ya pazia

Kabla ya kisanduku, niseme kidogo kuhusu wapishi, maana walipogombana jikoni chakula kilichelewa mezani.

Oktoba 2003 ilitoka Mandrake 9.2. Ndani ya kerneli yake kulikuwa na nyongeza ya kuandika CD iliyotuma kwa draivu amri ya kumwaga bafa. Baadhi ya draivu za CD-ROM za LG, ambazo hazikuwa raita kabisa, ziliichukua amri hiyo kama amri ya kubadilisha programu yake ya ndani. Draivu zikafa. Mtu ametia CD ya kusakinisha Linux, akatoka na kifaa kilichoharibika. Kisa hicho kiliwaonyesha wengi jambo ambalo walikuwa hawalifikirii: amri moja iliyoruhusiwa kupita inaweza kuua kifaa.

Agosti 2004 ilitoka kerneli 2.6.8. Humo waliweka kichujio: mtumiaji wa kawaida hataruhusiwa tena kutuma amri yoyote apendayo kwa draivu, kwani aliyeweza kufungua draivu kwa kusoma tu aliweza hata kuifuta programu yake ya ndani. Nia ilikuwa nzuri na sababu ilikuwa ya kweli. Ila orodha ya amri zilizoruhusiwa ilikuwa fupi mno, na asubuhi moja watu waliosasisha kerneli wakakuta K3b inakataa kuchoma isipokuwa ukiwa root. Matoleo yaliyofuata yaliipanua orodha hiyo. Bahati nzuri kerneli za 2.6 zilikuwa zimeondoa ule uongo wa ide-scsi, ukaweza kuitaja raita kwa jina lake la /dev/hdc. Schilling mwenyewe hakuupenda mtindo huo mpya na alisema hivyo waziwazi.

Halafu ukaja ugomvi wa leseni. Mwaka 2006 Schilling aliihamisha sehemu kubwa ya cdrtools, kifurushi chenye cdrecord na mkisofs, kutoka leseni ya GPL kwenda CDDL, leseni iliyoandikwa na Sun. mkisofs ilibaki GPL. Debian walisema leseni hizo mbili haziwezi kuchanganywa kwenye kazi moja ikasambazwa. Schilling alisema zinaweza. Hakuna aliyekubali kushindwa. Septemba 2006 Debian walichukua toleo la mwisho wanaloliona safi, wakalifanya mradi mpya ulioitwa cdrkit, na ndani yake cdrecord ikawa wodim na mkisofs ikawa genisoimage. Usambazaji mwingine ukafuata. Schilling aliendelea kuitunza cdrtools yake na kusema kuwa wodim ni ya zamani na ina hitilafu, mpaka alipofariki Oktoba 2021. Mtu ukiupenda au usiupende msimamo wake, CD nyingi mno zilizowahi kuchomwa kwenye Linux zilipita kwenye msimbo alioanza kuuandika yeye.

Mtumiaji wa K3b aliona nini katika haya yote? Karibu hakuona kitu. Kitufe kilikuwa pale pale. K3b ilitafuta mpishi aliyepo, awe cdrecord au wodim, ikamwita. Na mimi kama mtu wa programu naona hilo ndilo somo kubwa la upande wa madirisha: walijenga dirisha ambalo halikutegemea mpishi mmoja, na dirisha likaishi zaidi ya ugomvi.

Kisanduku cha kuhakiki

Sasa tufike. Kwenye dirisha la mwisho la K3b, kabla ya kubofya kuchoma, kulikuwa na kisanduku cha kuhakiki data iliyoandikwa. Ukikitia alama, K3b ikimaliza kuandika inaisoma diski yote upya na kuilinganisha na ilichotakiwa kuandika. Zaidi ya hapo, ukichoma picha ya ISO iliyopakuliwa, K3b ilikokotoa nambari yake ya MD5 na kukuonyesha, ili uilinganishe na ile iliyotolewa na wenye picha kabla hujapoteza diski. Kwa hivyo kulikuwa na ukaguzi mara mbili: kwamba ulichonacho ndicho walichokitoa, na kwamba diski inacho ulichonacho.

Gharama yake ilikuwa muda. Kusoma tena CD iliyojaa kulichukua karibu muda ule ule wa kuandika. Kwenye saiba, ambako mteja analipia na wengine wanangoja foleni, kisanduku hakikutiwa alama. Kwenye studio za picha na video, ambako Jumatatu kuna DVD thelathini za harusi ya Jumamosi, hakikutiwa alama. Mstari ulifika asilimia 100, trei ikafunguka yenyewe, na kila mtu aliamini kazi imeisha. Asilimia 100 ilimaanisha tu kwamba data yote imetumwa kwa raita.

Rafiki yangu wa kazini aliniletea DVD moja mwaka jana. Ni ya mazishi ya babake mwaka 2008, imechomwa na studio moja ya mtaani kwao, na familia iliiweka kabatini bila kuitazama kwa sababu ya uchungu. Nilitumia ddrescue, programu ya Antonio Díaz Díaz inayosoma kwanza sehemu nzima nzima kisha kurudi kwenye zilizokwama. Nilipata ibada yote na hotuba za ndugu. Diski huandikwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingo ndio uliokataa, kwa hivyo kilichopotea ni mwisho wa filamu: kaburini, ambako mamake aliongea. Aliniuliza kama diski iliharibika kwa miaka au iliandikwa vibaya siku ile ile. Hakuna awezaye kumjibu. Ingesomwa mara moja baada ya kuchomwa tungejua, na kama ilikuwa mbovu studio ingechoma nyingine, kwani wakati huo mkanda wa kamera ulikuwa bado upo.

Sasa mfanye nini

Enzi yenyewe imepita. Picha ya Ubuntu 12.10, ya Oktoba 2012, ilikuwa ya kwanza kutotosha kwenye CD. Kufikia toleo la 16.04 la mwaka 2016, Brasero haikuwekwa tena kwenye Ubuntu mpaka uitake mwenyewe. K3b bado inatunzwa ndani ya KDE. Lakini rangi iliyo ndani ya CD zenu haingoji mtu. Joto, mwanga wa jua na unyevu huiharibu, na zile za bei rahisi zilizouzwa kwa mamia bila majina zilikuwa na tabaka la kubahatisha. Walio pwani waanze mapema zaidi.

Jibu la wale wanne ni hili. Azimeni au nunueni draivu ya nje ya USB ya DVD, moja inatosha familia nzima au hata kanisa zima. Kwenye Linux sakinisheni ddrescue, jina la kifurushi kwenye Debian na Ubuntu ni gddrescue, kisha:

ddrescue -b 2048 -n /dev/sr0 picha.iso picha.map
ddrescue -b 2048 -d -r3 /dev/sr0 picha.iso picha.map

Amri ya kwanza inachukua kilicho rahisi. Ya pili inarudi kwenye sehemu ngumu mara tatu. Faili ya .map inakumbuka imefika wapi, kwa hivyo mnaweza kuhamisha diski kwenye draivu nyingine na kuendelea, na mara nyingi draivu ya pili husoma kilichoikataa ya kwanza. Mkishapata picha.iso, ifungueni moja kwa moja kwenye Linux bila programu ya ziada. ISO 9660 ni kiwango kilicho wazi tangu 1988, hakimilikiwi na kampuni iliyokufa, na hapo ndipo mnapoona faida ya viwango vilivyo wazi. CD za muziki wa kawaida hazifuati njia hii, zinahitaji cdparanoia.

Na mkishanakili kwenye diski ngumu au kwenye hifadhi ya mtandaoni, fanyeni kile ambacho kisanduku cha K3b kilikuwa kikiomba. Endesheni sha256sum kwenye nakala zote mbili mlinganishe, halafu fungueni picha moja, sikilizeni dakika mbili za sauti, ruka mpaka mwisho wa video. Simu na programu za kisasa nazo zina mstari unaofika asilimia 100, na hazitawauliza kama mnataka kuhakiki.

Haya, nikomee hapo kwa leo. Aliye na CD za Kilinux au za Knoppix za miaka ile asizitupe, zisomeni kwanza.